Mteja akikuuliza bei, usianze na bei

Leo naomba nipingane kidogo na ushauri tunaopeana sana humu: mteja akiuliza bei, mjibu ndani ya dakika tano, mtumie namba ya kulipia, funga biashara, nenda kwa mwingine. Anayeuza mikoba au mafuta ya kupaka sina ugomvi naye. Lakini sisi tunaouza kitu ambacho mtu anakwenda kukifunga kwenye mtumbwi na kuingia nacho ziwani usiku, nasema hapana. Mteja akiuliza bei, we muulize kwanza kinakwenda kufanya kazi gani. Na majibu yake yasipoendana na bidhaa uliyo nayo, usimuuzie. Hata kama hela ameshaishika mkononi.

Nina duka dogo hapa Mwanza, vifaa vya uvuvi na spea za injini za boti. Nimemaliza kidato cha nne, ufundi sijasomea popote. Ninachokijua nimekipata kwa kukaa na mafundi, kusikiliza wavuvi wakibishana, na kusoma vile vitabu vinavyokuja na injini ambavyo watu wengi wanavifungia maandazi. Wateja wangu wengi siwaoni kwa macho. Wako Ukerewe, Sengerema, Muleba, wengine Musoma. Wanapiga simu, wanaandika WhatsApp, mzigo unapanda basi au meli, unakwenda.

Sasa fikiria mzigo huo ukifika sio wenyewe.

Wengi tunahesabu hasara ya nauli ya kurudisha tu. Kwa mvuvi hasara haiko hapo. Chukua mvuvi wa dagaa. Dagaa wanafuata taa, na taa inafanya kazi usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawakusanyiki, wavuvi wengi wanapandisha mitumbwi wanasubiri. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za kazi, na zinahesabika. Spea ikikosewa, ikarudi, ikabadilishwa, ikatumwa tena, giza limeisha. Na kwenye ule mtumbwi yupo mwenye chombo pamoja na vijana wake wasio na mshahara, wanagawana kinachopatikana. Kifaa cha elfu kumi kilichotumwa vibaya kinalaza njaa nyumba nne au tano. We huku umeshaweka posti ya "mzigo umefika salama, mteja ameridhika".

Ndo maana nasema maswali kwanza. Nitawapa mifano ya vitu ninavyouza mimi, anayeuza kama mimi aichukue ilivyo, anayeuza vingine aone namna ya kufikiri.

NYAVU. Mtu anaandika "wavu wa inchi tatu shilingi ngapi?" Ukimjibu hapo hapo umeshaingia mtegoni, maana kuna njia mbili za kupima jicho la wavu. Wavuvi wetu wanapima jicho likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Baadhi ya viwanda vya nje vinaandika urefu wa ubavu mmoja wa jicho. Ubavu wa inchi moja na nusu ni wavu uleule wa inchi tatu wa mvuvi. Ukiagiza bila kujua hilo, unaletewa wavu wenye macho mara mbili ya uliyotaka, au nusu yake. Kabla hujaagiza muulize anayekuuzia: umepima ubavu au umevuta? Na mzigo ukifika, chukua rula, vuta jicho, pima mwenyewe. Dakika moja tu.

Halafu muulize mteja anavua samaki gani. Swali hili lina sheria ndani yake. Nyavu za dagaa zina kipimo chao cha chini cha macho. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Nyavu za plastiki za uzi mmoja, zile wengi wanaziita timba, zimekatazwa, na kokoro nalo limekatazwa. Najua humu kuna watu wanaziuza kwa kificho kwa sababu zinatoka haraka. Hebu fikiri kidogo, samaki mdogo anayemalizwa leo ndo alitakiwa kuwa mkubwa mwakani, na mteja wako alitakiwa kuja kununua wavu wa kumvulia. Unauza mtaji wako mwenyewe kwa bei ya jumla. Kama hujui wavu fulani unaruhusiwa au la, nenda kwa afisa uvuvi ukaulize kabla hujaagiza.

NDOANO. Hapa ndo wauzaji wa mtandaoni tunawachanganya watu kuliko pote. Unakuta posti imeandikwa "ndoano namba 8 zipo" basi. Namba za ndoano zinakwenda kinyume. Namba 12 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4, mpaka unafika namba 1. Baada ya hapo zinageuka, zinaandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na hizo namba ikipanda ndoano inakua. Kwa hiyo 4 na 4/0 ni vitu viwili tofauti kabisa, moja unaweza kuificha kati ya vidole, nyingine ya samaki mkubwa. Tena namba 8 ya kiwanda hiki inaweza isilingane na namba 8 ya kiwanda kile. Dawa yake ni rahisi: piga picha ndoano ikiwa juu ya rula au pembeni ya sarafu. Mvuvi wa migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi, akiiona picha hiyo anajua palepale kama ndo yake. Hutahitaji kubishana naye.

KAMBA. Mtaani kamba za plastiki karibu zote zinaitwa manila, mteja anakwambia "nipe manila ya milimita 6". Muulize: unataka ielee au izame? Kamba za polipropilini na polithini zinaelea. Za nailoni zinazama. Anayefunga maboya juu ya wavu anataka inayoelea. Anayefunga nanga akipewa inayoelea, kamba itakaa juu ya maji ikisubiri pangaboi la mwenzake lije kuikata. Hujui uliyo nayo stoo ni ya aina gani? Kata kipande cha kidole kimoja, tumbukiza kwenye ndoo ya maji, minya hewa yote itoke. Ndoo itakujibu. Piga video hiyo ndoo, ni tangazo zuri kuliko maneno matamu.

TAA NA BETRI. Hizi za sola zimefuta karabai kwenye visiwa vingi, na ndo bidhaa inayolalamikiwa sana: "taa yako inazima saa sita usiku". Mara nyingi taa haina kosa, hesabu ndo haikufanyika. Betri ya volti 12 yenye Ah 7, ukizidisha 12 kwa 7 unapata 84. Taa ya wati 10 inakula 10 kila saa, kwa hiyo kwenye karatasi ni saa nane. Lakini betri za risasi, zile nzito, ukizimaliza zaidi ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo uhakika wako ni saa nne. Mvuvi anawasha saa moja jioni anazima saa kumi na moja alfajiri, masaa kumi. Taa hiyo moja inahitaji betri ya risasi ya Ah 17 hivi, au ya lithiamu ya kama Ah 11. Muulize mteja ana taa ngapi, za wati ngapi, anawasha masaa mangapi. Zidisha. Darasa la tano tu hili. Ukimuuzia Ah 7 kwa sababu ndo iliyobaki stoo, usije kusema wavuvi ni wasumbufu.

INJINI NA SPEA. Hapa swali la kwanza ni picha. "Baba, nipigie picha kile kibao kidogo pale injini inaposhika mtumbwi." Kile kibao kina namba ya modeli, na bila hiyo namba we unabahatisha. Injini mbili za nguvu kumi na tano, rangi moja, kampuni moja, zinaweza kuwa na spea zisizoingiliana. Mteja akikwambia "ni ile ya kawaida", ujue hakuna ya kawaida.

Anayenunua injini nzima, mwambie apime kimo cha nyuma ya mtumbwi, kuanzia pale injini inapokaa hadi chini kabisa. Injini zina mguu mfupi wa kama inchi 15 na mguu mrefu wa kama inchi 20. Ukiweka mguu mfupi kwenye mtumbwi wa nyuma ndefu, pangaboi linakaa karibu na uso wa maji, linavuta hewa, injini inapiga kelele na chombo hakiendi, na mawimbi yakija ndo kabisa. Ukiweka mguu mrefu kwenye mtumbwi mfupi, unaburuta chuma kingi majini, mafuta yanaisha, na ufukweni inagonga mawe. Muuzaji aliyetaja bei bila kuuliza kimo amecheza bahati nasibu kwa hela ya mtu mwingine.

Na oili. Injini za kuchanganya oili na petroli nyingi ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Kwenye dumu la lita 20 hiyo ni mililita 400. Injini mpya siku za mwanzo mara nyingi inatakiwa zaidi ya hapo, kitabu chake kinasema. Zile ambazo oili inakaa peke yake hazichanganywi kabisa. Ukimuuzia mtu oili, muulize ni injini ipi kati ya hizo mbili, mwandikie kipimo kwa kalamu juu ya chupa. Hiyo kalamu ni shilingi mia tano, na inaokoa injini ya mamilioni.

Sasa nakuja pale ambapo wengi mtanicheka. Mteja akipiga simu kwamba injini imekufa anataka spea, mimi siuzi spea kwanza. Natafuta ugonjwa kwanza.

Haiwaki kabisa? Angalia ile kamba nyekundu ya usalama kama klipu yake imekaa mahali pake. Imewaka ikazima baada ya dakika chache? Legeza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tenki, halafu minya kile kibofu cha mpira kwenye mpira wa mafuta, na uhakikishe mshale wake unaelekea kwenye injini. Inaunguruma lakini chombo hakisogei? Angalia pini ya pangaboi imekatika, au mpira ulio ndani ya kitovu cha pangaboi umeachia. Yale maji yanayotoka pembeni kama inakojoa yamekata? Zima mara moja. Choma kitundu chake kwa waya mwembamba, safisha pale maji yanapoingilia, na bado ikikataa ndo tunazungumza habari ya impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza. Wanaoingiza injini kwenye mchanga ufukweni wanakimaliza haraka sana. Oili ya giaboksi imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa? Sili imepitisha maji.

Kuna mzee wa kisiwani alitaka nimtumie kabureta nzima. Duka moja la mtandaoni lilishamtajia bei na kumwambia alipie kabla saa kumi mzigo uwahi meli. Nikamuuliza, mzee wangu, inazima baada ya muda gani? Akasema dakika tano, kumi, halafu akiiacha kidogo inawaka tena. Nikamwambia afungue tundu la hewa la tenki, awashe, aniachie simu ikiwa hewani. Dakika kumi, kumi na tano, injini inaunguruma tu. Akacheka, akasema "binti, Mungu akuzidishie". Siku ile sikuuza hata plagi.

Najua mnachotaka kusema. Utakula nini? Bando unalipa, muda unapotea, na wengine wakishapewa jibu wanakwenda kununua kwa mwenye bei ya chini. Ni kweli inatokea. Inatokea kila wiki, sitawadanganya. Wapo wanaonichosha na maswali yote haya halafu wananyamaza, na nikifungua simu kesho yake nakuta wameweka picha ya bidhaa kutoka kwa mwingine.

Ila tuangalie upande wa pili wa daftari. Mzigo unaorudi unanigharimu nauli mara mbili, bidhaa inakuja imefunguliwa, na mteja anakwenda kusimulia kambi nzima. Kambi za wavuvi zinaongea kuliko hizi simu zetu. Mtu mmoja akisema "yule dada wa Mwanza amenitumia vitu vya ajabu", umepoteza kisiwa. Na akisema "yule dada aliniambia usinunue", umepata kisiwa. Tangazo la namna hiyo hulipati kwa kulipia.

Na muda unapungua ukijipanga. Maswali yangu nimeshayaandika kwenye simu, kila bidhaa na maswali yake matatu tu, nayatuma kwa kubonyeza mara moja. Asiyependa kusoma namtumia sauti. Anayejibu yote matatu huyo ni mnunuzi, nampa bei hapo hapo. Anayesema "we taja bei tu dada" namtajia bei pia, ila naandika wazi: mzigo utakaokosea kwa kuwa hukujibu maswali haurudishwi. Tangu niandike sentensi hiyo, watu wanajibu.

Nimeacha la mwisho makusudi, MABOYA YA KUVAA.

Humu mtandaoni kuna watu wanauza vile vizibao vya watoto vya kuchezea kwenye bwawa la kuogelea, wameandika "maboya ya wavuvi, bei ya kutupa". Rangi ya machungwa, picha nzuri. Boya la kweli lina maandishi ndani: uzito wa mtu anayefaa kulivaa, na nguvu ya kuelea kwa Nyutoni. Boya la 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea na yuko karibu na msaada. La 100 ni la maji yaliyotulia. La 150 ni la maji ya wazi. Nyutoni 100 ni kama kunyanyuliwa na nguvu ya kilo 10 hivi. Ziwa Victoria usiku, upepo umeamka na radi juu, mtu amevaa makoti mawili ya baridi, hayo sio maji yaliyotulia. Tafuta maandishi hayo, vuta mikanda kwa nguvu, halafu lizamishe boya moja kwenye beseni usiku kucha na jiwe juu. Asubuhi likiwa limenywa maji na kuwa zito, ile ni sponji ya godoro. Lirudishe kwa aliyekuletea.

Kuna wateja wanakuja kabisa wanasema "dada nipe la bei rahisi, la kuwaonyesha wakaguzi tu". Hapo ndo pale niliposema usiuze hata kama hela iko mkononi. Mimi simuuzii. Namwambia, baba, kwangu la kuonyesha halipo, lipo la kuvaa tu. Ukikosa hela yote lipa nusu leo, nikuwekee, umalizie ukipata. Wengine wanaondoka na hasira. Sawa. Wavu ukikosewa tunabadilishana, taa ikizima tunaongeza betri, injini tunaiuliza maswali kwa simu. Boya likikosewa hakuna atakayepiga simu kulalamika.

Hiyo ndo sababu siwezi kukubali ule ushauri wa dakika tano. Kasi ni nzuri kwenye kujibu salamu, kutuma mzigo na kurudisha hela ya mtu. Kwenye kutaja bei ya kitu usichojua kinakwenda wapi, kasi ni kumkimbiza mteja kuelekea shimoni na we ukabaki juu na risiti.

Basi kazi ya leo. Chukua bidhaa yako moja inayorudishwa sana au kulalamikiwa sana. Andika maswali matatu ambayo ukiyauliza kabla ya bei, lile lalamiko lisingekuwepo. Anayeuza simu, viatu, vyakula vya kuku, spea za bodaboda, wote tunayo. Yaweke kwenye komenti hapa chini, kila mtu aandike bidhaa yake na maswali yake, tuibiane. Na anayeuza vifaa vya ziwani kama mimi, akiona kuna swali muhimu nimeliacha, aliongeze. Nitalinakili na kuliweka kwenye simu leo leo.